Kutoka Kilima cha Remera Hadi Visiwa vya Ziwa

Atokaye uwanja wa ndege wa Kanombe kwenda katikati ya jiji la Kigali hupita Remera, mtaa ulioketi juu ya kilima, penye uwanja wa michezo wa Amahoro. Maana ya jina hilo ni amani, na mwaka 1994 maelfu ya raia walikimbilia humo wapate kuokoa roho zao chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Uwanja huo ulifunguliwa upya mwaka 2024, ukiwa na viti 45,000. Wageni huutazama kwa mshangao. Ni wachache waitazamao mitaro ya kando ya barabara, ambayo maji yake yana safari ndefu.

Mvua inyeshapo, maji ya Remera hushuka mabondeni, na mwisho huingia mto Nyabarongo yakiwa yamebeba udongo na taka. Nyabarongo huzaa Akagera, ambao Tanzania huitwa Kagera. Mto huo hupita Kyaka, penye daraja lililovunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, kisha humwaga maji yake katika Ziwa Victoria.

Mto huo pia hubeba gugu maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, nalo lilienezwa duniani na watu waliopenda maua yake ya zambarau. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 17,000.

Hata hivyo halikuenea kila mahali sawasawa. Mmea huu hutaka joto, jua, maji yaliyotulia na rutuba. Upande wa kisiwa upigwao na mawimbi, mafungu yake huvunjika na kutawanyika. Katika ghuba iliyokingwa na upepo hujikusanya, yakasukana kama mkeka, na juu yake huota nyasi nyingine za majini. Hivyo kisiwa kimoja chaweza kuwa na pwani safi na pwani iliyozibwa. Mvuvi wa pwani iliyozibwa hushindwa kutia mtumbwi, na konokono waenezao kichocho hupata maskani karibu na watoto wachotao maji.

Katika miaka ya 1990 waliletwa fukusi walao mmea huo, ambao asili yao nao ni Amerika ya Kusini. Walisaidia sana, lakini hawakuumaliza, kwa maana mbegu zake hukaa matopeni hata miaka 20 na rutuba ingali ikishuka kutoka milimani.

Kwa sababu hiyo kazi ya Kigali ina faida hata kwa wavuvi wa mbali. Mashariki ya Remera iko bustani ya Nyandungu, iliyofunguliwa mwaka 2022, ambapo bonde lililokuwa limeharibiwa limerudishiwa mimea yake. Mafunjo na matete hupunguza mwendo wa maji na kuzuia udongo. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakati wa umuganda, wananchi hushika majembe na kusafisha mazingira yao. Mama azoaye taka mtaroni Remera hamjui mvuvi wa kisiwani, lakini amemfungulia njia ya mtumbwi wake.