Barua kwa Mtoto wa Kaka, Kuhusu Akaunti Inayokuuliza Kila Siku

Sanya Juu, Siha

Mwanangu,

Bibi ni mzima, ila anauliza ile video ya kupika kiburu imeishia wapi, maana majirani wanamwambia wamemwona kwenye simu na yeye mwenyewe bado hajajiona.

Picha za skrini za akaunti yako ya YouTube ulizonitumia nimezitazama zote. Umeandika kwamba wanakuonea, kwamba leo unathibitisha na kesho wanakuuliza tena wewe ni nani. Mimi simwoni anayekuonea. Naona akaunti moja iliyobeba watu kama wanne, na mashine isiyojua imshike yupi. Kazi ya steshonari hapa stendi imenizoesha makaratasi ya watu. Wanakuja kwa mambo ya vyeti vya kuzaliwa vya RITA, ya vitambulisho vya taifa vya NIDA, ya TIN, ya mkopo wa chuo, na wengi wanaokwama hukwama pale karatasi moja inapokataa kukubaliana na nyingine. Yako ni hayohayo, tofauti ni kwamba dirisha lako liko ng'ambo na halina karani wa kubembeleza.

Tuanze na jina. Kwenye wasifu wa malipo umeweka jina la chaneli. Kitambulisho kina jina la ubatizo, jina la baba na la ukoo. Benki waliruka jina la kati. Na huo ukoo wenyewe! Watu wa mlimani tunaandika Massawe na Masawe, Mmari na Mmary, ndani ya boma moja, na hakuna anayejali mpaka siku ya kugawana mashamba. Mtu wa Sanya Juu akiona s moja imepungua anajua ni wewe. Mashine haijui kwenu. Chukua kadi ya NIDA, nakili jina kama lilivyo, kwa mpangilio uleule, uliweke kwenye wasifu wa malipo, kisha uende benki walisahihishe na huko. Chaneli iendelee kuitwa unavyopenda. Hiyo ni bango la duka tu, haiulizwi kitambulisho.

Tazama na tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Linganisha na ile uliyoandika ulipofungua barua pepe ukiwa sekondari. Nakumbuka mlivyokuwa mnajiongezea miaka ili mkubaliwe, nyote, wewe na kaka yako.

Halafu kadi yenyewe. Kama yako ni zile zilizoandikwa tarehe ya mwisho, sikiliza vizuri. Mwaka 2023 Serikali iliondoa ukomo huo, na hapa nchini kadi inaendelea kutumika. Lakini tangazo la Dodoma halikufika California kwa Google. Kule wanaona tarehe imepita, wanakataa, wewe unaipiga picha upya kwenye mwanga mzuri zaidi na wanakataa tena, kumbe tatizo si mwanga. Ikiwa ndivyo, tumia leseni ya udereva au pasipoti. Pasipoti hii ya kielektroniki, iliyoanza mwaka 2018, ni shilingi 150,000, na najua ni hela, lakini itakufaa kwa mengi. Cheti cha kuzaliwa usikitume kabisa. Hakina picha, na chako bado kinasema Wilaya ya Hai kwa kuwa ulizaliwa kabla Siha haijakatwa kutoka huko. Utamweleza nani habari za mipaka?

Tena usitume na kutuma. Majaribio yana kikomo. Likikataliwa mara moja, simama, utafute sababu kwanza.

Anwani ndiyo iliyonichekesha. Umeandika sanduku la usharika, mtaa wa Moshi unakopanga, na postikodi ya Dar es Salaam. AdSense, wale wa Google wanaokulipa, mapato yakifika dola 10, na utambulisho ukiwa umekubaliwa, hutuma barua ya karatasi yenye namba ya siri ya tarakimu 6. Kwa kawaida husema itachukua wiki mbili hadi nne. Sisi tuliozoea Posta tuongeze subira yetu. Isipofika unaomba nyingine, na una miezi 4 tangu ya kwanza ilipotolewa, baada ya hapo matangazo yanasimama. Ukiikosea kuiandika mara 3 yanasimama pia. Sasa barua yako, kwa anwani ile, ingekwenda wapi? Andika sanduku la usharika, Sanya Juu, Kilimanjaro, na postikodi za mkoa wetu zinaanza na 25. Ya kata utaipata kwa mtendaji, tangu lile zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022 anazo. Nitamwambia karani wa usharika, kwa sababu barua za nje pale huwa zinakaa chini ya vitabu vya nyimbo mpaka Pasaka.

Hayo ni ya makaratasi, na yakikaa sawa yamekwisha. Lile la kuulizwa kila unapofungua YouTube Studio ni jingine, na hapo nina neno na wewe. Nywila moja mnaitumia watatu. Wewe uko Moshi, binamu yako anahariri akiwa Arusha, kaka yako anapakia kutoka hapa kwa simu ya bibi. Juu yake umeweka VPN, kama wengi walivyofanya tangu mtandao wa X ulipofungwa nchini Mei 2025, na hukumbuki kuizima. Kwa hiyo saa nne asubuhi uko Moshi, saa nne na nusu uko Uholanzi, saa tano uko Arusha kwa kompyuta isiyojulikana. Ningekuwa mimi ndiye mlinzi wa geti ningekuuliza pia. Na ile programu ya kusafisha simu unayoisifu inafuta kumbukumbu za kivinjari kila usiku, ndiyo maana simu yako mwenyewe inaonekana ngeni kila asubuhi. Iondoe.

Badili nywila leo, wafungie wote nje, halafu uwaingize kwa mlango wao. Ndani ya YouTube Studio, kwenye mipangilio, kuna sehemu ya ruhusa. Binamu mpe nafasi ya mhariri kwa barua pepe yake mwenyewe, na kaka yako vivyo hivyo. Watafanya kazi zao bila kugusa mambo ya malipo. Mmoja wao akinuna, mwambie shangazi ndiye kasema.

Tangu tarehe 1 Novemba 2021 anayelipwa na YouTube analazimika kuwa na uthibitisho wa hatua mbili, kwa hiyo usitafute njia ya kuuzima. Chagua njia iliyo bora. Wewe unategemea ujumbe wa simu, na laini hiyo ilisajiliwa kwa kidole cha baba yako wakati ule wa hekaheka za Januari 2020, ulipokuwa huna NIDA. Piga *106# uone laini zilizo kwa namba yako ya NIDA, hiyo hutaiona. Siku ikipotea, ni yeye atakayepaswa kwenda dukani kuirudisha, na kama yuko machimboni Mirerani, chaneli itamngoja. Sajili laini kwa jina lako. Weka programu ya kutoa namba kwenye simu, na uchukue zile namba 10 za akiba Google inazotoa, uziandike kwa mkono. Usizichapishe steshonari ya mtu yeyote, hata yangu.

Kuhusu yule kijana wa mjini anayekuuzia akaunti ya TikTok "inayolipa", ya Marekani: achana naye. Ni kweli mpango wao wa kulipa kwa kutazamwa uko katika nchi chache, kama Marekani, Uingereza na Ujerumani, na sisi hatumo. Lakini akaunti ile ina jina la mtu mwingine. Siku wakidai kitambulisho utatoa cha nani? Anajua hilo, ndiyo maana anataka alipwe mapema.

Na kati ya zile picha za skrini, ile barua pepe ya nne, yenye kiungo na "saa 24 tu", si ya YouTube. Angalia anwani ilikotoka. Dai la kweli utalikuta ukiingia mwenyewe kwenye akaunti. Usibonyeze cha kwenye barua.

Njoo Jumamosi. Panda gari mapema, ukishuka Boma Ng'ombe unipigie. Uje na kadi ya NIDA yenyewe, si nakala, na kitabu cha benki. Mwambie baba yako naye awepo, nina maneno naye kuhusu shamba la kahawa, na kidole chake tutakihitaji kwa ile laini.

Shangazi yako