Kijana Iosepa Katika Kisiwa cha Maui

Katikati ya Bahari ya Pasifiki, mbali na bara kwa kila upande, viko visiwa vya Hawaii. Msafiri atokaye San Francisco, katika pwani ya Marekani, hukata maelfu ya kilometa za maji matupu kabla hajaviona. Tangu mwaka 1959 visiwa hivyo ni jimbo la Marekani. Lakini katikati ya karne ya 19 vilikuwa ufalme, wenye mfalme wake na sheria zake. Wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti walifika huko mwaka 1820, na mwaka 1839 Biblia nzima ilikuwa imekwisha kutafsiriwa kwa lugha ya wenyeji.

Lugha hiyo si ngeni sana masikioni mwetu sisi tusemao Kiswahili. Herufi za sauti ni tano kama zetu, na kila neno huishia kwa mojawapo ya hizo. Kwa hiyo Yosefu kwao huitwa Iosepa. Habari zetu leo ni za kijana mmoja mgeni aliyepewa jina hilo, na za kisiwa kilichomlea.

Kisiwa chenyewe ni Maui, cha pili kwa ukubwa. Kina milima miwili mikubwa, iliyounganishwa na shingo nyembamba ya nchi tambarare. Ule wa mashariki ni Haleakala, maana yake Nyumba ya Jua, nao una kimo cha mita 3,055. Pwani ya magharibi ulikuwako mji wa Lahaina, ambao kabla ya mwaka 1845 ulikuwa makao ya wafalme, na meli za wavua nyangumi zilitia nanga mbele yake. Mji huo uliteketea kwa moto siku ya 8 Agosti 2023, na watu wapatao 100 wakafa. Mashariki yake kuna Wailuku, ambako maji ya milimani huteremka na kunywesha mashamba ya magimbi. Nako katika mteremko wa Haleakala iko wilaya ya Kula. Huko juu usiku ni wa baridi, na udongo ni mwema kwa viazi. Watu walipokimbilia dhahabu ya California, viazi vya Kula vilipakiwa melini kwenda kuwalisha.

Chakula cha wenyeji ni poi. Magimbi hupikwa, huondolewa maganda, hupondwa juu ya ubao kwa jiwe, kisha hutiwa maji mpaka yawe laini, na mara nyingi huachwa siku kadhaa yapate uchachu. Watu huketi kuzunguka bakuli moja na kula kwa vidole. Nyumba zao za zamani ziliezekwa kwa nyasi, na ndani yake mlitandikwa mikeka. Msomaji wetu angaliingia humo bila kuona ajabu kubwa; lakini kwa kijana aliyetoka mji wa Salt Lake, mambo haya yote yalikuwa mageni.

Jina lake lilikuwa Joseph F. Smith, wa kanisa ambalo watu wengi huliita la Wamormoni. Makanisa mengine hayakubaliani nalo katika mafundisho makubwa, wala si kusudi letu hapa kushindana. Twataka kumtazama kijana tu. Baba yake aliuawa gerezani mwaka 1844, mtoto akiwa na umri wa miaka mitano. Mama yake alifariki mwaka 1852. Husimuliwa ya kwamba mwalimu alipotaka kumchapa dada yake mdogo, ndugu huyu alisimama kumzuia, wakapigana, na masomo yake yakaishia hapo. Mwaka 1854, akiwa na miaka 15, wazee wa kanisa walisoma jina lake mbele ya mkutano: aende Hawaii. Yatima asiye na shule akafanywa mjumbe.

Akasafiri nchi kavu mpaka California, akafanya kazi ili apate nauli, akapanda meli iitwayo Vaquero, akashuka Honolulu tarehe 27 Septemba 1854. Akapewa Maui, na huko Maui akapelekwa Kula.

Sasa angalieni, ndugu zangu: mjumbe huyu alikuja kufundisha, lakini hakuwa na neno moja la kumwambia mtu. Katika siku zake za kwanza visiwani akaugua sana, mbali na jamaa yake yote. Mama mmoja mwenyeji, aitwaye Manuhii, akamchukua nyumbani kwake akamwuguza kama mwanawe wa kumzaa. Kijana akapona. Akajifunza lugha kwa bidii, kwa kusikiliza na kwa kujaribu, na baada ya siku zipatazo 100 akaweza kusema na watu. Haukupita muda mrefu naye akapewa uangalizi wa kazi katika kisiwa kizima, angali bado kijana mdogo.

Wala msidhani ya kuwa siku zake zilikuwa za raha. Hakuwa na mshahara. Alitembea kwa miguu kijiji kwa kijiji, akala alichopewa, na siku nyingine akalala na njaa. Husimuliwa ya kwamba kwa muda yeye na mwenzake walikuwa na suti moja baina yao. Mmoja alikwenda ibadani na mwenzake akamngoja kitandani, kisha wakapokezana. Shajara zake za miaka 1856 na 1857 zingaliko, nazo hazifichi neno: uchovu, upweke, na mara nyingine maneno makali juu ya wale wale waliomlisha. Ndivyo alivyo kijana. Aweza kuipenda kazi ya Mungu asubuhi, na jioni akawanung'unikia watu wa Mungu.

Katika unyonge huo aliota ndoto, ambayo aliikumbuka hata uzeeni. Aliona yuko safarini mbiombio, amebeba furushi, akafika penye nyumba kubwa. Kabla ya kuingia akaoga, akafungua furushi, akakuta mavazi meupe, akayavaa. Ndani akawakuta jamaa zake waliokufa. Akaambiwa amechelewa, naye akajibu ya kuwa ijapokuwa amechelewa, yu safi. Alisema baadaye kwamba ndoto hiyo ilimfanya mtu mzima, hata asiogope tena uso wa mwanadamu.

Aliondoka kurudi kwao mwaka 1857, na mwaka 1901 akawa rais wa kanisa lake. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 alifika tena Honolulu. Watu walijaa bandarini wakimvika mashada ya maua. Katika kelele hizo ikasikika sauti nyembamba ikiita: Iosepa, Iosepa! Alikuwa Manuhii, kikongwe na kipofu, akiongozwa kwa mkono. Yule mzee akawaacha wakubwa wote, akamkimbilia, akamkumbatia akimwita mama. Naye mama alikuwa amemletea zawadi: ndizi chache nzuri.

Siku hizi vijana wa kanisa hilo wangali wakitumwa, wanaume kuanzia umri wa miaka 18, kwa muda wa miaka miwili. Wasomaji wetu wa Nairobi na Dar es Salaam labda wamewaona wakipita wawili wawili, wamevaa shati jeupe na kibandiko cha jina kifuani. Huamka mapema, husali, husoma, kisha hutoka kutembelea watu. Zamani barua kutoka nyumbani ilichukua muda mrefu baharini. Tangu mwaka 2019 wameruhusiwa kusema na wazazi wao kila juma kwa simu. Lakini upweke haukwisha kwa simu, na mlango wa jirani bado una thamani ile ile.

Basi, ninyi mlio na nyumba, na hasa ninyi walimu: twazoea kusema ya kuwa mjumbe ndiye aletaye na mwenyeji ndiye apokeaye. Habari za Maui zatuonyesha njia ya pili. Aliyetumwa alipewa kwanza uhai, kisha lugha, kisha mama. Akija kwenu kijana mgeni, awe mwalimu au mwanafunzi au karani, na ajapokuwa wa dhehebu jingine, msimpime kwa maneno yake ya haraka wala kwa kimya chake. Mpeni chakula chenu mlicho nacho, msahihisheni ulimi wake kwa upole, mkeshe naye akiugua. Manuhii hakuhubiri mimbarani, wala hatuna kitabu chake. Lakini mzee yule aliyehubiri miaka mingi, alipoisikia sauti yake, alijua anayemwita ni nani.