Mtoto akisema sikio linauma, likizo isubiri

MWEZI Desemba mjini Oslo, Norway, jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa alasiri. Watoto huenda shule gizani, na wakirudi hawana muda wa kucheza nje kabla giza halijaingia tena.

Ndiyo maana wazazi wengi wanaoishi Ulaya hujinyima ili kipindi hicho wawapeleke watoto penye joto. Wengine huchagua Misri, wengine Zanzibar, ambako wakati wa kaskazi maji ya bahari hufika nyuzi joto 28 hivi.

Familia moja yenye asili ya Unguja iliweka akiba zaidi ya mwaka mzima kwa safari hiyo. Baba alimwahidi mwanawe wa miaka 12 kwamba watazamia pamoja kwenye matumbawe ya Mnemba. Mtoto alikwishajifunza kutumia mtungi wa hewa kwenye bwawa la kuogelea huko huko Oslo.

Bibi yake aliposikia alishika kichwa. Kwake yeye, mtu kwenda chini ya bahari kwa hiari yake ni kumtafuta chunusi. Hata hivyo alinyamaza, kwa kuwa wajukuu wamekuja.

Kilichowaponza hakikuwa chunusi, bali mafua. Mtoto aliyapata safarini, na asubuhi ya kwenda Mnemba alisema yuko sawa. Alikuwa ameiona furaha ya baba yake, hakutaka kuiharibu.

Mkufunzi wao, kijana wa Matemwe, alimsikia anavyozungumzia puani, akakataa kumshusha.

"Ni mafua madogo tu, tumetoka mbali," baba alisema.

"Kaka, bahari ipo kesho na keshokutwa," kijana alimjibu. "Sikio la mtoto ni hilo hilo."

Kijana alikuwa na sababu. Mita 10 tu chini ya maji, mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa nchi kavu. Mzamiaji hubana pua na kupuliza taratibu ili hewa ifike ndani ya masikio. Mafua yakiziba njia hiyo, ngoma ya sikio husukumwa ndani na inaweza hata kupasuka.

Baba aliuliza kuhusu dawa ya kuzibua pua. Akaelezwa kuwa dawa inaweza kuisha nguvu mtoto akiwa chini, hewa ikanasa sikioni wakati wa kupanda.

Siku hiyo baba alinuna. Fedha ilikwishalipwa, na likizo ilikuwa ya siku tisa tu. Mtoto alishinda kwa bibi yake akinywa chai ya tangawizi, akijiona yeye ndiye mkosa.

Usiku mama alimwambia mumewe neno moja: "Mtoto hakukudanganya kwa ubaya. Aliogopa kukuvunja moyo." Baba alimwendea mwanawe, akamwambia kwamba hata wasipozamia kabisa, safari haijapotea.

Pua ilifunguka siku ya saba. Walizamia mara moja, hawakupita mita 12. Walipofika mita tatu hivi mtoto alionyesha kwa mkono kwamba sikio linamsumbua. Wote wakapanda kidogo, akapuliza, likafunguka, wakashuka tena hadi kwa samaki.

Bila shaka ishara ile aliipata nchi kavu. Mtoto aliyeona kwamba akisema hakemewi, hata chini ya maji atasema. Anayejifunza kuvumilia ili amfurahishe mzazi atavumilia mahali ambapo uvumilivu ni hatari.

Kwa mzazi anayepanga likizo ya namna hii, umri wa kuanzia kozi kwa kawaida ni miaka 10. Mtoto afundishwe mapema kwamba chini ya maji hazuii pumzi hata kidogo, kwa kuwa hewa hutanuka wakati wa kupanda na inaweza kuumiza mapafu. Baada ya kuzamia mara kadhaa, ni vyema zipite angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege.

Pia weka siku za akiba katika ratiba, usiipange safari nzima juu ya siku moja. Na kabla ya kupanda boti, muulize mtoto anavyojisikia, kisha umwonyeshe kwamba jibu lolote utalipokea.