Ngazi Hakupewa Mtu

Mtu aliyekulia kwenye migomba ya Kyerwa, mkoani Kagera, hajui jirani wa juu. Jirani wake yuko upande wa pili wa miramura, mimea ya mpaka, na ugomvi wao, ukitokea, ni wa mbuzi aliyeingia kwenye maharage. Mambo ya maji yanayovuja kutoka bafu la mwenzio hadi kwenye kitanda chako nimeyajulia ukubwani, Michenzani, mjini Unguja.

Magorofa ya pale yana historia yake. Kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, Ng'ambo, upande wa mji iliko Michenzani, ilikuwa makazi ya wanyonge, nyumba za udongo na makuti, huku majumba ya mawe yakiwa Mji Mkongwe. Serikali ya Rais Abeid Amani Karume ikataka kuifuta tofauti hiyo. Kwa msaada wa Ujerumani Mashariki ikaanza na magorofa ya Kikwajuni, na miaka ya 1970 ikajenga Michenzani, ambako jengo moja lina urefu wa takriban mita 300. Karume aliuawa Aprili 1972 ujenzi ukiwa bado haujakamilika, lakini kazi iliendelea. Magorofa ya namna hiyo yalijengwa hadi Makunduchi, na Pemba pia.

Wapo wanaoyacheka kwa sura yake ya kijivu. Mimi siwezi. Aliyewahi kuezua paa la nyasi lililooza katikati ya masika anajua thamani ya zege. Kupewa bomba, choo cha ndani na umeme, bila kuulizwa wewe ni mtoto wa nani, si jambo dogo. Lakini ili magorofa yasimame, mitaa ilibomolewa, na pamoja na kuta zikaondoka baraza za kukalia jioni na viwanja vya nyuma vya kupikia. Kwetu kijana akioa anaongeza chumba kwa tofali zake. Ghorofani ataongezea wapi? Kwetu hata marehemu ana nafasi kibanjani, yaani kwenye shamba la migomba la familia, na kaburi la babu ndilo hati ya kwanza ya ardhi.

Mwenyeji wangu Michenzani alikuwa bibi wa makamo, aliyekaa ghorofa za juu. Ndani kwake sakafu iling'aa, mapazia yamepigwa pasi, na kwenye roshani kulikuwa na mrehani ndani ya kopo la rangi. Ukifungua mlango tu, ngazini giza: taa imeungua, ukingo umeota kutu, na vijana wanapandisha ndoo za maji kwa sababu pampu imekufa. Nikamuuliza mbona hali iko hivi. Akacheka. "Mwanangu, nyumba hii nilipewa. Ngazi hakupewa mtu."

Maneno hayo yamenifundisha zaidi ya ramani yoyote ya mipango miji. Serikali iligawa vyumba, ikabaki na ngazi, tangi na paa. Ilipoishiwa nguvu, hakukuwa na mwenye wajibu. Sisi wa bara hatuna cha kujivunia hapo. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alipotangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, Watanzania wengi walihamishwa kwa nia njema ile ile, na mara nyingi kwa dosari ile ile: aliyepangiwa hakushiriki kupanga.

Nayasema haya kwa sababu zamu yetu inakuja. Kibanja kilichomlisha babu kimegawiwa wana, nao wamewagawia wana wao, hadi mkungu wa ndizi unaangukia kwa ndugu. Huko Karagwe jirani, miji ya Kayanga na Omurushaka inapanuka na kumeza mashamba. Siku moja wajukuu wetu watalazimika kukaa mmoja juu ya mwingine, na saruji ya kuwajengea haitakosekana.

Kitakachohitajika zaidi ni chama, nacho tunacho. Vyama vyetu vya kuzikana vina daftari, mchango, zamu na faini; asiyefika msibani anatozwa, awe mwalimu au mchuuzi wa kahawa, na hakuna anayesubiri wilaya ilete jembe. Nidhamu hiyo tuliyoiweka kwa ajili ya wafu tukiihamishia kwenye pampu, taa na ngazi za walio hai, ghorofa litakalika. Tusipofanya hivyo, tutapewa vyumba vizuri, na kila mtu atafunga mlango wake.