Tulimwondoa mvuani

Mwaka 1988 nilikuwa saidia fundi katika karakana moja ya samani huko Keko, Dar es Salaam. Siku hiyo mvua ya masika ilikaza tangu alfajiri, tukafunga milango ili meza zilizopakwa vanishi zisirukiwe na maji. Jiko la mkaa la kuchemshia chai, ambalo siku zote lilikaa nje, tukaliingiza ndani. Hatua kama tano kutoka hapo palikuwa na beseni la petroli tulimoloweka brashi.

Watu hudhani kuna aliyewasha kiberiti. Hapana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi, hutambaa chini hadi ukutane na moto. Niliona mwako wa buluu ukikimbia juu ya maranda, kutoka kwenye jiko kwenda kwenye beseni. Sikuwahi hata kupiga kelele.

Kaka aliyekuwa akinifundisha kazi alilinyanyua beseni ili alitoe nje. Gunia bichi lingetosha kulifunika, lakini namwelewa: meza zile ndizo zilikuwa posho yetu ya mwezi. Alipousukuma mlango kwa bega, upepo ukamrudishia moto kifuani na petroli ikamwagikia mikononi. Alikuwa amevaa shati la nailoni, na nailoni huyeyuka ikagandia mwilini.

Moto wenyewe tuliuzima kwa mchanga. Ziliharibika meza mbili tu.

Yeye alianguka uani. Tukambeba mbio hadi barazani, tukalivuta lile shati, likaja na ngozi. Jirani akaleta dawa ya meno, nami ndiye niliyempaka, mikono yote miwili hadi viwikoni. Hospitalini muuguzi alilazimika kuifuta yote kwanza ndipo alione jeraha. Kilio cha saa ile ninacho hadi leo.

Vidole vyake vilipona vikiwa vimejikunja. Randa hakuishika tena. Nikienda kumjulia hali huniita mdogo wangu kama zamani, na hajawahi kunilaumu.

Miaka mingi baadaye, kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, mwalimu alisema aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe kitu, na nguo iliyogandia isivutwe. Nikainuka, nikatoka nje. Sisi tulimwondoa uani ili asilowe. Na mvua ile haikukatika hadi alasiri.