Kipindi kigumu hakizuii familia kwenda kusikiliza muziki

Leo naweka pembeni viwavijeshi na mbolea ya kukuzia. Kuna swali ninalokutana nalo mara nyingi nikitembelea kaya: "Bwana shamba, mwaka huu tuna mgonjwa na mavuno ni hafifu. Je, ni haki kutumia hata shilingi moja kwa starehe?" Wengi wanaouliza wameshajijibu kuwa si haki. Mimi nina jibu tofauti kidogo, na nitakueleza nilikolipata ili upime mwenyewe.

Mama yangu aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Tulimtoa kijijini Mvomero tukampeleka Dar es Salaam kwa matibabu ya mionzi, akawa anakaa kwa dada yangu. Mwaka huo mvua zilikatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, na kila mkulima anajua maana yake. Tuliuza ng'ombe wawili. Mionzi ilikuwa Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki. Jumamosi na Jumapili mgonjwa anapumzika, na nyumba nzima inakaa kimya ikimwangalia.

Huo ukimya ndio ninaotaka uuelewe. Kwenye kaya yenye mgonjwa watu huacha kuongea. Kila neno ni dawa, nauli, foleni au deni. Kaka yangu mkubwa alikuwa anakuja, anakaa nusu saa, anatoa hela, anaondoka. Watoto wangu wawili walijifunza kutembea kwa kunyata. Mama mwenyewe alisema, "Mmeshaanza kunifanyia matanga na mimi nipo."

Wiki ya nne alisikia redioni kuwa bendi moja kongwe ya dansi ingepiga Jumamosi mchana, kwenye uwanja wa wazi, na watoto wangeingia bure. Akasema anataka kwenda. Lazima ujue mama alikulia Morogoro, mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, na baadaye Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, mama alikuwa binti. Kwake gita la solo si kelele za vijana. Ni ujana wake, na ni marehemu baba aliyekuwa akimpeleka dansini.

Kaka alikataa. "Watu watasema nini? Tumeuza ng'ombe kwa ajili ya hospitali, leo tunaonekana kwenye muziki?" Sikumlaumu. Hilo ni swali la mtu anayejali heshima ya familia. Lakini maneno ya watu hayalipi dawa wala hayampi mgonjwa nafuu. Nilimwomba tuangalie mambo mawili tu: hela inatoka wapi, na afya ya mama inaruhusu?

Hela. Kila siku nawaambia wakulima wagawe fedha za kaya katika mafungu. Katika kipindi kigumu kuna mafungu matatu yasiyoguswa: matibabu, chakula na mbegu. Sisi tulikuwa na ekari mbili za kupanda msimu uliofuata, yaani kilo 20 za mbegu ya mahindi, na fedha yake ilikuwa imewekwa kando. Haikuguswa. Mke wangu alikuwa ameuza majogoo watatu kwa shilingi 18,000 kila mmoja, jumla 54,000, na fedha hiyo ilikuwa bado haijapangiwa kazi. Kiingilio cha watu wazima watano kilikuwa 25,000. Bajaji mbili, kwenda na kurudi, 20,000. Zikabaki 9,000 za maji na soda. Wali na maharage tulipika nyumbani, tukabeba kwenye hotipoti. Hatukukopa.

Afya. Dada alimuuliza muuguzi siku ya Ijumaa, baada ya mionzi. Nakushauri nawe uulize hivyo hivyo, usikisie. Mgonjwa wa mionzi huchoka haraka, na sehemu inayopigwa mionzi haitakiwi kuchomwa na jua. Kwa aina ile ya saratani, tumbo na kibofu husumbua. Kwa hiyo tuliambiwa avae nguo pana, akae kivulini, awe karibu na choo, na akisema amechoka tuondoke hapo hapo. Kama mgonjwa wako anatumia dawa za kemikali za saratani, jihadhari zaidi, kwa sababu dawa hizo hupunguza kinga ya mwili na msongamano wa watu unaweza kumletea maambukizi. Daktari akisema hapana, basi ni hapana. Wekeni redio nyumbani.

Masikio. Hili wengi hulisahau. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za muziki kwamba sauti isizidi wastani wa desibeli 100. Huna kipimo mfukoni, lakini alama ni rahisi: ukilazimika kumpigia kelele mtu aliye hatua moja kutoka kwako, sauti ni kubwa mno. Msikae mbele ya spika, hasa mkiwa na watoto. Sisi tulikaa nyuma, chini ya mwembe.

Kaka alikuja akiwa amenuna, akasimama pembeni. Bendi ilianza taratibu, tumba na besi, kisha magita, kisha tarumbeta. Wimbo wa tatu mama akaomba ashikwe mkono. Alisimama, akacheza kwa mabega tu, kama dakika mbili, akakaa. Mwanangu wa miaka sita akaja kucheza mbele yake akimwiga, na mama akacheka hadi akakohoa. Nilipogeuka, kaka alikuwa amevuta kiti karibu naye.

Bendi ilipopumzika, mama akaanza kuongea, wala hakuongelea ugonjwa. Alisema, "Lile shamba la bondeni msiliuze. Na dada yenu naye ana sehemu yake pale, msije mkasema ameolewa." Kaka alikuwepo, mimi nilikuwepo, dada alikuwepo. Kwa wiki nne hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumuuliza mambo ya ardhi, kwa kuogopa ataona tunamzika. Alituondolea mzigo huo mwenyewe, soda mkononi.

Msomaji wangu, hapa ndipo kazi yangu inapoingia. Neno la mzazi ni zito, lakini neno halina mipaka iliyopimwa. Mwezi uliofuata, mama akiwa amerudi kijijini, tuliomba Hati ya Hakimiliki ya Kimila kupitia halmashauri ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Majirani walikuja kushuhudia mipaka, na mama alitembea nao mwenyewe akionyesha kila mti. Hati hiyo inaweza kubeba jina zaidi ya moja, na la mwanamke likiwemo. Yetu ina majina ya watoto wote watatu. Ikiwa wazazi wako wapo na mna shamba lisilo na hati, anza sasa, wakati mwenye kumbukumbu ya mipaka bado anaweza kuionyesha.

Muziki haukumponya mama. Alimaliza mionzi, akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Alitutoka mwaka uliofuata, mahindi yakiwa yamekomaa shambani. Msibani hapakuwa na ugomvi wa ardhi, na anayeijua misiba ya kwetu anajua hilo lina thamani gani.

Kwa hiyo sikuambii uende kwenye muziki ukiwa na shida. Inaweza kuwa ngoma ya kijijini, kwaya, mpira, au kwenda tu kukaa mtoni pamoja. Ninachokuambia ni hiki: linda fedha za matibabu, chakula na mbegu, kilichobaki, hata kama ni bei ya jogoo mmoja, tafuteni nacho saa chache za kuwa familia na si wauguzaji tu. Muulize mgonjwa anataka nini. Mpeni kiti cha kivulini. Kisha nyamazeni, mumsikilize.

Wiki ijayo tutarudi shambani: namna ya kupima kama mbegu uliyoihifadhi bado inaota, kabla hujaimwaga ardhini.