Mjane wa Jukwaani, Mjane wa Kweli

Kama umewahi kuimba kwaya, unawajua watu wa sauti ya tatu. Huwa wachache, hubembelezwa, na wakishajua kwamba wanahitajika, basi tena! Mume wangu ni mmoja wao, kwa hiyo nikikusimulia habari za Jan Kiepura ujue ninayo mifano ya nyumbani.

Kiepura alikuwa Mpoland, teno wa opera, na zamani jina lake lilikuwa kubwa kama la mwigizaji yeyote wa sinema. Alizaliwa mwaka 1902 Sosnowiec, mji wa viwanda na makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Kijana alipelekwa Warsaw kusomea sheria, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kuimba, na mwaka 1926 tayari yuko kwenye jukwaa kubwa la opera la Vienna akiimba Calaf katika Turandot. Zikafuata Milan na Chicago, na sinema zenye sauti zilipoanza kushika kasi, pesa zikamiminika. Mwaka 1933 alikuwa na hoteli yake ya kifahari, Patria, kule milimani Krynica. Binti wa Malkia wa Uholanzi, Juliana, alikwenda kulia fungate hapo mwaka 1937. Hoteli ya mtoto wa mwoka mikate, jamani!

Na alipenda kutazamwa. Alikuwa akitoka kwenye baraza ya hoteli, au anapanda juu ya gari, na kuwaimbia bure watu waliojaa barabarani. Wapo waliosema ni majivuno. Mimi naona ni ukarimu na majivuno kwa pamoja, na wanaume wa aina hiyo tunawajua.

Sasa njoo kwa Marta Eggerth, maana kusema kweli huyu ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Alikuwa Mhungaria wa Budapest, soprano, mdogo kwa Jan kwa miaka kumi, aliyepanda jukwaani tangu utotoni. Walikutana wakipiga sinema ya Kijerumani iliyotoka mwaka 1934, na Oktoba 1936 wakafunga ndoa Katowice, Poland. Hapo naomba usipite haraka. Marta hakuolewa ili awe nyota. Alipokutana na Jan tayari alikuwa nyota wa sinema, na mabango yake yalibandikwa mijini bila msaada wa mume.

Ndoa yao ilikuwa changa dunia ilipowageuka. Mama zao wote wawili walikuwa na asili ya Kiyahudi, kwa hiyo milango ya Ujerumani ya Hitler ikafungwa, na Machi 1938 Austria nayo ikamezwa. Bahati nzuri, Februari mwaka huohuo Jan alikuwa ameanza kuimba Metropolitan Opera ya New York, katika La Bohème. Wakahamia Marekani.

Huko ndiko walikopata kazi iliyowafunga pamoja kuliko hata cheti cha ndoa. Agosti 1943 walianza kuimba kwenye Broadway opera nyepesi ya Franz Lehár, The Merry Widow, yaani Mjane Mwenye Furaha. Ni kisa cha mjane tajiri anayefukuziwa na wanaume wa kila aina, mpaka mwishowe anarudiana na mpenzi wake wa zamani. Marta alikuwa mjane, Jan ndiye mpenzi. Waliimba kisa hicho zaidi ya mara 2,000, nchi mbalimbali na kwa lugha kadhaa. Mara 2,000, mwenzangu! Asubuhi mnagombana kuhusu chai, usiku mnatongozana mbele ya ukumbi uliojaa.

Hapa ndipo linaponihusu. Mume wangu ana biashara ya kupiga video za harusi, na tangu mwaka jana ananibembeleza niache kazi benki tufanye wote. Eti tutakuwa timu. Sijakataa, na wala sijakubali. Mapenzi yapo, na kumwamini namwamini. Ninachojiuliza ni kitu kingine: siku mmoja wetu asipokuwepo, atakayebaki atakuwa na kazi gani ya kuita yake? Wanawake wengi wa rika langu hili hatulisemi kwa sauti, tunaogopa kuonekana tunawatakia wenzetu mabaya.

Marta hakupewa nafasi ya kuliwaza polepole. Agosti 15, 1966, nyumbani kwao Harrison, jimbo la New York, moyo wa Jan ukasimama. Alikuwa na miaka 64. Mwili ukarudishwa Poland, ukazikwa kwenye makaburi ya Powązki, Warsaw, mbele ya umati mkubwa. Mjane wa jukwaani akawa mjane wa kweli akiwa na miaka 54, na akaacha kuimba. Si mwezi, si miezi miwili. Miaka. Nyimbo zile zilikuwa za watu wawili, na mmoja hayupo.

Aliyemrudisha ni mama yake mzazi, naye mwimbaji wa zamani. Alimsukuma bintiye aimbe tena. Nimelifikiria sana hilo. Mashabiki wasingeweza, maana wao walimjua kama nusu ya Kiepura na Eggerth. Mama alimjua kabla, alipokuwa mtoto wa Budapest mwenye sauti yake peke yake.

Basi, Marta akarudi. Mwaka 1982, ambao alitimiza miaka 70, alikuwa Seattle kwenye mchezo wa muziki uitwao Colette, jukwaa moja na Diana Rigg. Mwaka 2005 ikatoka CD ya nyimbo zake, mwenyewe ana miaka 93. Alifariki Desemba 2013, akiwa na miaka 101. Ndoa yao ilidumu miaka 30 kasoro miezi miwili hivi. Baada ya hapo Marta aliishi mingine 47.